Upindo wa Gauni la Wifi

3 Machi

Wifi yangu,

Umesema simu hutaki, basi nimenunua bahasha. Kaka ameniambia ulimwambia kwamba kwenye simu mtu anatakiwa awe na sauti, na wewe sauti imekwisha. Haya, karatasi haina sauti. Nakusalimu kwa maandishi, na usipojibu nitakuja mwenyewe, na unajua nikija huwa siondoki upesi.

Mama hajambo, mdomo wake haujambo zaidi. Saluni inakwenda, vichwa vya kusuka vipo, vidole vyangu ndivyo vinavyolia.

Kaka alipita hapa akirudi kambini kwenye hiyo barabara yao wanayojenga, isiyokwisha. Alikaa kwenye kiti cha wateja mpaka chai ikapoa mkononi. Nikambana, akasema. Kumbe alikwenda kukuambia amepandishwa cheo, sasa ndiye msimamizi wa madereva wote wa greda, na wewe ukasema, "Sawa," ukaendelea kukata uzi. Likizo nzima, anasema, mlikaa kama abiria wawili waliokutana stendi. Mama alikuwa nyuma ya pazia akalidaka hilo. Anasema mwanamke anayemjibu mume wake "sawa" ana mahali pengine anapomalizia maneno yake. Nikamwambia, Mama, huyu ametoka hospitali mwaka jana tu, lori lilimrudia kinyumenyume pale soko la vitambaa likamwachia mguu mmoja, muda wa kutafuta bwana anautoa wapi? Nimekutetea, lakini na mimi nauliza. Kama kuna jambo, sema. Sisi ni mawifi, tukikosa la kugombania watu watadhani tunaumwa.

Sasa kaa chini. Naolewa. Ndiyo, mimi, niliyepewa jina la Pilipili na mume wako kabla sijaota meno. Bwana mwenyewe ni yule fundi saa tunayepakana naye ukuta. Miaka yote amenisikia kupitia ukuta ule nikiwasema watu, na bado akaleta posa. Hajawahi kuchelewa popote maishani mwake, isipokuwa kwenye hili la kuoa. Harusi ni mwisho wa Juni. Gauni utashona wewe, la dukani silitaki. Liwe refu hadi chini, rangi ya maziwa, na siku hiyo ukae mbele kabisa nikuone.

Wifi yako,
Pilipili


14 Machi

Wifi,

Barua imefika. Hongera.

Tuma vipimo: bega, kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka kiunoni hadi chini ukiwa na viatu utakavyovaa siku hiyo. Kitambaa ninacho.

Mguu hauna shida. Mgongo unauma kidogo, ni kukaa sana.

Msalimie Mama.

Fundi


23 Machi

Wifi,

Vipimo viko nyuma ya karatasi. Nyonga zimeongezeka, usimtangazie mtu.

Barua yako nimeisoma nikaigeuza nione kama kuna upande wa pili. "Hongera," nukta. Hata karani wa maji akija kukukatia bomba huongeza maneno mawili matatu. Ningekuwa mteja wako ningesema asante, fundi. Lakini mimi ndiye niliyelala chini ya kitanda chako hospitalini, wauguzi wananitoa kwa mlango narudi kwa uani. Tulicheka mle wodini, mguu umeshakatwa, tukacheka mpaka ukajishika kwenye bendeji ukiniomba ninyamaze. Ulikuwa na kidonda kibichi na bado ulicheka. Sasa kidonda kimefunga, una mguu wa bandia, unatembea, na huna neno.

Mama anasema ni wivu. Ati ndoa yako imepoa, hutaki kuona ya mwenzako ikichemka. Nilimkatalia kwa mdomo. Moyoni sijui kama nilimkatalia.

Niambie nijue. Kama gauni linakukera nitatafuta fundi mwingine, hakuna ubaya. Hapo nimesema uongo, ubaya upo.

Pilipili


8 Aprili

Wifi,

Si wivu. Wivu ungekuja ningeufungulia mlango, angalau ningekuwa na mgeni.

Nilikudanganya. Mguu una shida, na ule ambao haupo ndio wenye shida kubwa zaidi. Vidole vya kushoto vimekunjwa, kidole gumba kimempanda mwenzake, na siwezi kuvikunjua kwa sababu havipo. Mara nyingine ni moto kwenye unyayo. Mara nyingine ni kama umeme, unapiga mara moja, mkono unaruka na mshono unakwenda kombo. Mwanzoni nilimwambia kaka yako. Akatazama pale chini ya goti, palipo patupu, kisha akatazama mlango. Nilimwambia na Mama. Akasema kisichokuwepo hakiumi, ni mawazo tu, nisiyape nafasi. Basi nikaacha kusema.

Daktari alinipa vidonge vya mishipa ya fahamu. Vilisaidia, siwezi kuvisingizia. Moto ulishuka, nikalala. Baadaye kipimo kikaongezwa, na kila kitu kingine nacho kikashuka. Sijui nikueleze vipi. Unajua mkono ulioulalia, ukiugusa unajua ni wako lakini wenyewe hauna habari na wewe. Mimi nimekuwa hivyo mwili mzima, na ndani pia. Kaka yako alipoleta habari ya cheo nilijua ni habari njema, kama mtu anavyojua kwamba leo ni Jumanne. Barua yako ya ndoa niliisoma, nikaiweka mezani, nikasubiri furaha ije. Nikaenda kupika. Nikarudi nikaisoma tena. Haikuja.

Halafu mgongo. Kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, kimepungua unene, kwa hiyo kile kikombe cha mguu wa bandia, pale kigutu kinapoingia, kinapwaya. Navaa soksi juu ya soksi. Nikitembea, nyonga moja inabaki chini na nyingine inapanda, na jioni kiuno kinakuwa kama kimefungwa waya. Cherehani naikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, nimekaa upandeupande. Siku hizi mguu nimeuvua nimeuweka nyuma ya mlango, natembea kwa magongo. Kaka yako hajui.

Kitambaa chako nimekikata jana. Mkono ulikata vizuri, lakini sikuwa na habari kama nakata gauni la harusi au shuka la wodini. Sitaki kukushonea hivyo. Kwa hiyo vidonge nimeviacha vyote, tangu leo asubuhi. Nitashona nikiwa nahisi.

Fundi


15 Aprili

Wifi,

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi na nimemtishia. Simu yako imezimwa. Nimempigia Kaka kambini nikamwambia kila kitu. Kasirika ukitaka.

Barua yako ilinikuta namsuka muuguzi, yule wa wodi ya mifupa anayekuja kila mwezi. Nilikuwa nimemaliza nusu ya kichwa. Nikamsomea kidogo. Akanishika mkono, kitana bado nimekishika, akauliza, "Ameacha vyote kwa mpigo?" Nikasema ndiyo. Akainuka kwenye kiti, upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama kama ufagio, wala hakujitazama kwenye kioo. Akasema vidonge vile haviachwi hivyo, daktari anavipunguza kidogokidogo. Mwili ukivikosa ghafla usingizi unakimbia, mtu anatetemeka, anaweza hata kupata degedege, na maumivu yanarudi pamoja na ndugu zake. Akasema kumwambia daktari kwamba dawa inakuzima si utovu wa adabu, wanaambiwa kila siku, na zipo njia.

Akasema pia mguu uliokatwa kuendelea kuuma ni jambo la kweli kabisa, si mawazo. Na kwamba kikombe kinachopwaya ndicho kinachokula mgongo wako. Nimekuwa na kichwa cha mwanamke huyu mikononi mwangu miaka na miaka, tukiongea waume za watu, kumbe haya yote yalikuwa mle ndani.

Gauni achana nalo. Nitaolewa na aproni ya saluni. Rudi kwa daktari, na unijibu hata neno moja. Hata lile "sawa" lako. Leo nitalipokea kwa mikono miwili.

Pilipili


27 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Naandika kwa sababu wifi yako mkono bado unamtetemeka, na mimi kwenye simu nilishindwa kusema.

Ulipopiga nilipata lifti ya lori la kokoto, nikafika asubuhi. Nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Kitambaa chako alikuwa amekikunja kwenye mfuko akakiweka juu ya kabati, jasho lilikuwa linamchuruzika na hakutaka kukichafua. Hakuwa amelala tangu aache vidonge. Nikatua begi langu nikakaa mbele yake. Akasema, "Ondoa begi. Umeliweka juu ya mguu wangu." Nikatazama. Begi lilikuwa sakafuni tu, pale ambapo mguu ungekuwepo. Nikaliondoa.

Safari zile nyingine, aliponiambia unauma, nilitazama mlango tu. Safari hii nikampeleka hospitali.

Daktari amemrudishia vidonge kwa kipimo kidogo, ameongeza dawa nyingine ya jioni, na amesema atakuwa anamwona mara kwa mara wakitafuta kipimo kitakachotuliza mguu bila kumzima mwenyewe. Amesema huenda isipatikane mara moja. Fundi wa miguu naye aliutazama ule mguu tuliochukua nyuma ya mlango, akasema kikombe hiki ni cha mtu mnene kuliko huyu. Akamsimamisha, akawa anasukuma vibao vyembamba chini ya ule wa bandia, kimoja baada ya kingine, mpaka nyonga zikalingana. Kazi yangu ni kusawazisha barabara, mdogo wangu. Nikiwa juu ya greda naona tuta dogo kuliko unene wa vibao vile. Likizo nzima alitembea mbele yangu na sikuona.

Kisha kuna mama mmoja wa mazoezi. Aliweka kioo kirefu katikati ya mapaja ya wifi yako, kigutu kikabaki nyuma ya kioo. Ukitazama, unaona mguu wa kulia na taswira yake, kama vile yote miwili ipo. Akamwambia akunje vidole, akunjue, polepole, macho yasitoke kwenye kioo. Akafanya hivyo kwa muda. Mama yule akamuuliza anaona nini. Wifi yako akasema, "Kucha zinahitaji kukatwa."

Mama wa mazoezi alicheka. Yeye hakucheka. Ila baadaye alisema kidole gumba kimeshuka kidogo, kimemwachia mwenzake. Mimi nilitoka nje nikanunua kikatio cha kucha, sijui kwa nini.

Nimeomba ruhusa kambini nikae mpaka kikombe kipya kiwe tayari. Mwambie Mama hakuna bwana.

Kaka yako


30 Mei

Wifi,

Mkono umetulia, naandika mwenyewe. Barua yako ya dereva wa basi niliipata. Nilipaswa kukujibu "sawa". Sawa.

Kikombe kipya ninacho. Kinabana inavyotakiwa, nimerudi kutembea bila magongo humu ndani, nje bado nashika moja. Asubuhi nafanya mambo ya kioo. Mama wa mazoezi alisema pia kigutu kizoeshwe kuguswa, nikisugue kwa vitu laini kwanza, kisha vya kukwaruza, mpaka mishipa iache kushtuka. Akanitolea pamba na kitaulo. Nikamwambia arudishe, kama ni vitambaa mimi ninavyo. Naanza na hariri, naenda satini, poplini, kitani, mpaka jinzi. Kwenye jinzi bado nakunja uso. Mgongo nao umepewa kazi yake, nalala chali nainua kiuno, nashusha, nainua. Na bobini ikiisha uzi tu nasimama, hata kama sijachoka, natembea mpaka dirishani na kurudi. Zamani nilikuwa nakaa mpaka kazi iishe.

Usidhani nimepona. Vidole bado vinakunjwa, ila kuna saa vinaniacha nikavisahau. Kiuno kipo palepale, kimepunguza ukali. Daktari ameniambia waziwazi haya ni mambo ya kuishi nayo, kuyachunga kama mtoto mtundu, ukigeuka tu amevunja kitu. Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Na ganzi ipo pia. Imekuwa nyembamba, lakini ipo. Juzi kaka yako alikuwa anaimba bafuni, vibaya kama kawaida yake. Nikajua kwamba zamani hapo ningemtania. Nilijua tu. Sikumtania. Alipotoka alinitazama kama anasubiri, kisha akaenda kuvaa.

Gauni limekwisha, nimelituma kwa basi. Upindo niliupima kwa kujivisha gauni mwenyewe, nikaweka alama kwa chaki, maana kimo chetu ni kimoja.

Harusini nitakuja na mbele nitakaa. Nina ombi moja, usinitazame usoni. Uso wangu siku hizi hautoi habari, na sitaki siku yako uitumie kuzitafuta.

Fundi


16 Juni

Kaka,

Hii ni yako peke yako, ukimaliza washia jiko.

Gauni nimelivaa. Mabega, kifua, kiuno, hakuna mwanadamu mwingine angenishonea hivi. Lakini upindo umepinda. Kushoto uko juu, viatu vinaonekana, na kulia unafagia sakafu. Nimevua nikavaa tena nikidhani ni mimi. Si mimi. Ameniandikia kwamba alijivisha mwenyewe kuweka alama ya upindo. Labda alipima kabla ya kikombe kipya, labda mwili wake bado umezoea kuinama upande ule, sijui. Amesimama akiwa amepinda, na gauni likaamini ndivyo nilivyo.

Nilikaa nalo kitandani mchana mzima. Nikimwambia, naogopa ataviacha vidonge tena aanze upya. Mama alisema nivae hivyohivyo, nani ataangalia chini? Wote wataangalia chini, Mama. Watauliza nani ameshona, na mtu wa kutajwa ni yeye. Basi nimelipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa nyuma, ameufumua na kuusawazisha. Sasa umenyooka. Usimwambie.

Kikaratasi hiki mpe yeye:

"Wifi, gauni limenikaa kama nilizaliwa nalo. Fundi saa aliniona nimelivaa akaangusha kibano, saa ya mtu ikabaki imefunuliwa matumbo. Mungu akuweke. Pilipili."

Mdogo wako


4 Julai

Wifi,

Natumaini ndoa inakwenda kwa saa.

Sasa nisikilize. Nilikaa mbele kama ulivyotaka. Ulipoingia watu walisimama, mimi nikabaki nimekaa, kwa hiyo macho yangu yaliangukia kwenye upindo. Upindo ule si wangu. Mimi gauni refu nalikunja mara mbili, nalishona kwa mkono, na uzi hauonekani nje hata ulitafute na tochi. Ule umepigwa cherehani, mshono mrefumrefu kama hatua za mtu anayekimbilia basi, na uzi mweupe kwenye kitambaa cha rangi ya maziwa. Mtu yeyote anayejua kazi angeona toka mlangoni.

Kitu kikaanza tumboni. Nikadhani ni dawa ya jioni, nikakumbuka sijaimeza. Kikapanda kifuani, kikafika masikioni, masikio yakawa moto. Kaka yako akaniinamia akauliza kama ni mguu. Nikamwambia, "Nani amegusa kazi yangu?" Akaanza kuangalia viatu vyake. Nikajua anajua. Nilimbana palepale, kwa sauti ya chini, nikiwatabasamia wageni, mpaka akatoa yote.

Haya. Lilikuwa limepinda. Nakubali, nililipima kwenye mwili uliopinda na sikujua. Lakini hilo ungeniambia mimi, wifi. Ningepanda basi na sindano yangu, ningekaa hapo saluni kwako katikati ya vichwa vya watu na kulinyoosha. Nimekatwa mguu, sijakatwa ufundi. Ninyi wote mnanipitia kwa ncha za vidole kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Kaka yako, Mama, wewe. Sijalala. Mnaninyima hata nafasi ya kukosea na kurekebisha kazi yangu mwenyewe, kisha mnaniletea kikaratasi ati umezaliwa nalo.

Nilikasirika wakati wa hotuba. Nikakasirika wakati wa chakula, nikala sahani yote, na kaka yako hakuthubutu kuniuliza kama nimeshiba. Mama akanipitishia maji, nikayapokea nikiwa nimekasirika. Akanitazama vizuri akasema, "Leo umechangamka, mwanangu." Nikakasirika na hilo pia.

Gauni ulilete mwenyewe, usilitume. Utapanda juu ya stuli yangu na viatu vyako miguuni, nami nitafumua upindo wote, mpaka uzi wa mwisho wa yule fundi wako wa mtaa wa nyuma, na utasimama wima umenyamaza mpaka nimalize. Najua kipi kati ya hivyo viwili kitakushinda.

Kwenye basi la kurudi vidole vilianza, vyote vitano, na kiuno kikafuata kwa sababu ya viti vyao. Nikameza kidonge kama nilivyoagizwa. Moto ukashuka kidogo, kaka yako akasinzia. Nikangoja na hasira nayo ishuke, maana nimezoea, dawa ikifika hushusha kila kitu. Nilikaa dirishani nikiilinda njia nzima, nikihofia itaniacha kabla hatujafika. Tukafika. Nikavua mguu, nikalala na hasira yangu. Asubuhi nilipofumbua macho, kabla sijajua kama naumwa wapi, niliikuta ipo.

Wifi yako,
Fundi